Fedha za Amani na Shamba la Babu

Katika majadiliano yetu ya Jumamosi wenzangu husema ya kuwa fedha za wageni ndizo zilizoleta amani hapa kwetu Burundi. Nusu nakubali, nusu sikubali.

Wageni walifanya kazi kubwa, wala si haki kuwabeza. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mazungumzo ya Arusha mpaka alipofariki mwaka 1999, akafuata Mandela, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2004 walikuja askari wa Umoja wa Mataifa. Kisha Burundi na Sierra Leone zikawa nchi mbili za kwanza kuangaliwa na Tume ya Kujenga Amani, na mwaka 2007 tukatengewa dola milioni 35.

Lakini babu yangu alikimbia Rumonge mwaka 1972, akakaa Katumba, Tanzania, miaka 36. Tuliporudi, nami nikiwa mgongoni kwa mama, alimkuta mtu mwingine akichuma michikichi yake. Tena mtu huyo si mwizi: alipewa shamba lile na wakubwa, akazaa watoto humo, akazika humo. Ikafanywa semina. Watu waligawiwa soda na fulana, bwana wa semina akapanda gari lake akaenda zake. Shamba likakatwa nusu kwa nusu. Haikupita wiki, vigingi vya mpaka viling'olewa usiku.

Waliorudi tena na tena ni wazee wa kilima, bashingantahe, wasiolipwa hata nauli. Baba asema walikaa chini ya michikichi ile karibu mwaka mzima, hata pande zote mbili zikakubali kukamua mawese pamoja, kisha kugawana madebe.

Basi naona msaada ungekaa huko kilimani, tena kwa miaka mingi, si kumalizika kura zikiisha kuhesabiwa. Mtaniambia: wape wazee mshahara, kesho watauza hukumu. Kweli, na wapo waliokwisha kuuza. Mimi siwaombei mshahara. Naomba mpima ardhi na karani, waandike yale wazee waliyopatanisha.

Maana babu amekwisha kufa, na yule mzee mwenziwe haoni tena. Mjukuu wake yumo darasani mwetu. Kila likizo twakamua pamoja, na mapatano yale mpaka leo hayamo katika karatasi yo yote.