Daftari la Wagonjwa wa Mapafu

Denmark ni nchi ndogo ya Ulaya. Watu wake wapata milioni 6. Tangu mwaka 1943 watu waonekanao kuwa na kansa huko huandikwa katika daftari moja la nchi nzima, na siku ya kufa kwao hujulikana. Sisi tushikao madaftari twajua uzito wa kazi hiyo, lakini ndiyo iliyowafumbua macho. Katika miaka ya 1990, kati ya wagonjwa 100 wa kansa ya mapafu, hawakufika 10 walioishi miaka mitano. Jirani zao wa Uswidi na Norwei waliwapita. Aibu hiyo haikufichwa. Mwaka 2008 ziliwekwa siku maalum: mgonjwa ashukiwaye apimwe na aanze kutibiwa upesi, asingoje majuma na majuma. Upasuaji nao ukawekwa katika hospitali chache zenye mabingwa. Siku hizi waishio miaka mitano wamepita 20 katika 100. Na waliosalia je? Wengi hufika kwa mganga wamechelewa, maana kansa hiyo haiumi mwanzoni, na mvuta sigara hukizoea kikohozi chake.