Sauti ya Kuazima

Katika shule za muziki za vyuo vikuu vya Marekani upo usiku mmoja ambao wanafunzi huutazamia mwaka mzima kwa hofu na matumaini. Ni usiku wa koncheto. Koncheto ni utungo ambao ndani yake mpigaji mmoja, wa piano, wa fidla au wa chombo kingine, hujitokeza mbele ya okestra nzima, akasema nayo na kujibiwa nayo. Kabla ya usiku huo aghalabu hufanywa mashindano. Wanafunzi hupiga mbele ya waamuzi, piano moja ikishika mahali pa okestra, na wachache washindao hupewa heshima ya kupiga ukumbini pamoja na wenzao.

Hapana mwenye haki awezaye kuwadharau wanafunzi hawa. Wengi wao walishika chombo kabla hawajajua kusoma vizuri, wakakesha nacho wakati watoto wengine wamelala. Vidole vyao ni vyepesi, kumbukumbu yao ni ya ajabu, na utii wao hauna kifani. Lakini utii, ukipita kiasi, hugeuka utumwa. Na upo wakati katika usiku huo ambapo utumwa huo husikika waziwazi. Kosa si la mwanafunzi. Kosa ni la shule iliyomlea.

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ya koncheto nyingi za zamani, okestra hupanda kwa kishindo, kisha husimama ghafula juu ya sauti isiyotulia, kama mtu aliyekata maneno katikati. Kiongozi hushusha mikono. Wapigaji wote hutulia, na yule mmoja hubaki peke yake. Mahali hapo huitwa kadenza. Watunzi wa karne ya kumi na nane walipaacha patupu kwa makusudi. Waliweka alama ndogo tu juu ya nota, kama kwamba wanasema: Sisi tumesema yetu, sasa sema na wewe.

Je, mwanafunzi husema nini? Mara nyingi husema maneno ya marehemu. Hupiga kadenza iliyopigwa chapa, aliyoihifadhi nota kwa nota, iliyotungwa na mtu mwingine kwa vidole vyake mwenyewe na kwa wakati wake mwenyewe. Mahali pekee alipopewa ruhusa ya kunena, hapo ndipo aazimapo kinywa. Ni mfano wa mtu aliyealikwa kutoa shukrani katika karamu, akainuka na kusoma barua ya shukrani ya mgeni wa mwaka jana.

Wateteaji wa desturi hii husema kuwa wanamheshimu mtunzi. Na tumtazame basi mtunzi. Mozart alipiga koncheto yake ya piano katika D ndogo mjini Vienna mwezi wa Februari, 1785, na mwandishi wa nota alikuwa bado ananakili karatasi za okestra siku ile ile ya tamasha. Kadenza ya Mozart mwenyewe kwa utungo huo haikutufikia. Isikikayo zaidi kumbini leo ni ya Beethoven. Wala Beethoven hakukosa. Alifanya hasa lile lililotakiwa: alikuta mlango wazi, akaingia, akasema kama Beethoven. Clara Schumann naye aliingia kwa mlango huo huo na kadenza zake mwenyewe. Waliokosa ni wale waliokuja nyuma yao, wakayahifadhi majibu na kulisahau swali.

Ni kweli kwamba mlango huo ulianza kufungwa na watunzi wenyewe. Beethoven alipoitoa koncheto yake ya tatu ya piano mwezi wa Aprili, 1803, kurasa zilizokuwa mbele yake zilikuwa karibu tupu, kwa kuwa muziki ulikuwa kichwani mwake. Lakini kadiri ya mwaka 1809 aliziandika kadenza za koncheto zake, na katika ile ya tano, iliyochapwa mwaka 1811, aliagiza kuwa mpigaji asitie kadenza yake bali aendelee na kilichoandikwa. Mendelssohn, katika koncheto yake ya fidla ya mwaka 1845, aliiandika kadenza yote. Katika tungo kama hizo mwanafunzi apigaye kilichoandikwa anatii kwa haki. Hapana ugomvi juu yake. Ugomvi ni juu ya tungo ambazo mwenyewe aliacha nafasi, na shule ikaiziba.

Hata baada ya Mendelssohn, mlango haukufungwa wote. Brahms alipotoa koncheto yake ya fidla mjini Leipzig siku ya kwanza ya mwaka 1879, kadenza alimwachia mpigaji, rafiki yake Joachim. Joachim alitunga yake. Leo mwanafunzi wa fidla huipokea kadenza ya Joachim kama kwamba ilishuka pamoja na utungo wenyewe, akasahau kuwa ilikuwa kazi ya mpigaji kama yeye.

Utetezi wa pili ni wa waamuzi. Husema kwamba wote wapimwe kwa kipimo kimoja ili pasiwe na upendeleo. Maneno haya yana sura nzuri na moyo mdogo. Kipimo kimoja hufaa kwa nguo na mchele. Waamuzi wasioweza kuamua ila baina ya vitu vilivyo sawa wanapima uhodari wa kunakili, kisha wanautunukia taji la usanii.

Utetezi wa tatu ndio wenye uzito: kwamba kijana akiachwa huru atababaika, ataharibu kazi kubwa na kuwatahayarisha wenzake wanaomngoja. Woga huu una dawa tangu kale. Kadenza ya namna ya Mozart huishia kwa mtetemo mrefu wa sauti mbili zinazopokezana, na mtetemo huo ndio ishara ya okestra kurudi. Mpigaji anaweza kwenda apendako, mradi ajue njia ya kurudi nyumbani. Na Robert Levin, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, amezipiga koncheto za Mozart mbele ya okestra kubwa akibuni kadenza papo hapo, na hapana okestra iliyopotea njiani kwa sababu hiyo. Kijana kubabaika ni jambo lililo karibu. Lakini shule ni mahali pa kubabaika. Asiyejikwaa shuleni atajikwaa sokoni, mahali pasipo na mwalimu wa kumwinua.

Watu wa Pwani hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Katika majibizano ya washairi, aliyeulizwa hujibu kwa vina na mizani ya aliyeuliza, lakini maneno huwa yake. Akileta beti za mwingine huhesabiwa kuwa ameshindwa. Katika taarabu ya Unguja, mpiga udi au kanuni aachwapo peke yake katika taksimu, hatafuti karatasi. Husafiri ndani ya kanuni za sauti alizofunzwa, na wasikilizaji humjua kwa mwendo wake. Uhuru huo hauna ujinga ndani yake. Ni elimu iliyokomaa hata ikapata ulimi. Akili za kuambiwa, walisema wazee, changanya na zako.

Dawa haihitaji hazina mpya. Mwanafunzi afundishwe kubuni tangu mwaka wake wa kwanza, kama afundishwavyo kusoma nota. Sharti la mashindano liwe kwamba mtunzi akiacha nafasi, mpigaji aijaze kwa kadenza yake, ya papo hapo au ya kuandikwa, fupi au ndefu. Na yule achaguaye kupiga ya mwingine, ratiba ya tamasha itaje jina la mwenyewe, ili wasikilizaji wajue ni nani anayesema nao.

Yaliyo hatarini si mapambo ya dakika mbili. Kijana aliyeshinda mashindano atatoka katika shule hiyo na kuingia katika ulimwengu uliojaa santuri na kanda za wapigaji wakuu waliokwisha kusema maneno yale yale, na kwa uzuri asioweza kuushinda. Ikiwa alilojifunza ni kukariri tu, atapewa nini kisichopatikana katika santuri? Kitu kimoja tu alichonacho ambacho hakuna mwingine aliye nacho, na shule yake ilimkataza kukitumia siku ile okestra nzima iliponyamaza ili kukisikiliza.

Ukimya ule ni heshima kubwa kuliko taji. Wenzake wameshusha pinde zao, kiongozi ameshusha mikono, ukumbi umezuia pumzi. Ni vibaya kumnyima mtu nafasi ya kusema. Ni vibaya zaidi kumpa nafasi hiyo baada ya kumfundisha miaka mingi asiwe na la kusema.