Tusihesabu Mitambo, Tuhesabu Taa

Kila mradi mpya wa kawi unapozinduliwa nchini, sisi hutajiwa megawati. Utepe hukatwa, makofi hupigwa, basi yakaishia hapo. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Mradi wa stima upimwe kwa swali moja: je, saa mbili usiku, taa ya nyumba ya mwisho kijijini inawaka?

Hebu tutazame Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilimalizika kusimamishwa mwaka wa 2017. Lakini nyaya za kuleta stima hiyo hadi Suswa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari hadi Septemba 2018. Zaidi ya mwaka mzima upepo ulipita bure, na serikali ikadaiwa fidia kwa kuchelewa. Je, huko si kununua ng'ombe na kusahau kamba?

Nyaya zilipofika, shida ya pili ikajitokeza. Upepo wa huko huvuma sana usiku wa manane, nasi tumelala. Sisi hutumia stima nyingi jioni, wakati wa kupika, kudurusu na kutazama runinga. Mradi wa jua wa Garissa, uliozinduliwa mwaka wa 2019, nao hauna la kutoa jua likishatua. Matokeo yake ni haya: usiku mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani, na jioni mitambo ya mafuta inawashwa. Tunamwaga maziwa yetu, halafu tunakimbilia ya dukani!

Wapo watakaosema tujenge mitambo zaidi. Siwapingi kabisa, kwa maana bado kuna Wakenya wasio na stima. Lakini tayari takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Kuongeza maji kwenye mtungi unaovuja si dawa.

Nionavyo mimi, pesa zielekezwe kwanza kwa nyaya, kisha betri kubwa za kuweka stima ya usiku itumike jioni, kisha mita erevu. Hizi mita zetu za tokeni zinajua kukata pesa tu. Hazijui kama ni usiku au mchana. Tangu Desemba 2017, viwanda vimekuwa na mpango wa bei nafuu usiku. Mbona mama wa kawaida asipewe mita ya aina hiyo, apige pasi na kupiga maji kwa pampu saa ambazo stima ni tele?

Wataalamu huuita mpango huo gridi erevu. Jina ni zuri, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mradi wa majaribio ukiisha, wakaguzi wasiishie ofisini. Waende vijijini jioni, wahesabu taa. Hapo ndipo tutajua kama tumepiga hatua.