Gobore la shambani na bei ya jicho la mkulima

Kila mwaka mtama na uwele unapoanza kukomaa katika vijiji vya Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, madungu hujaa watu. Watoto huamia ndege kwa kombeo, akina mama hupiga madebe, na usiku wanaume hukesha wakisubiri nguruwe pori. Upande wa kusini, kuelekea Mtera na Ruaha, anayesubiriwa ni tembo. Katika baadhi ya madungu hayo kuna gobore limeegemezwa kwenye nguzo, pembeni yake kikopo cha baruti.

Wenyewe hulihesabu gobore kuwa zana ya kilimo kama jembe na panga. Tatizo ni kwamba hesabu ya zana hii haipigwi hadi mwisho. Mkulima hujumlisha bei ya bunduki, baruti na marisau. Jicho halimo kwenye jumla, ingawa ndilo lililo karibu zaidi na mlipuko.

Ni vyema kueleza kinachotokea pale kifyatulio kinapovutwa. Katika bunduki ya risasi za kiwandani, ganda la risasi hutanuka kwa nguvu ya mlipuko, likabana kuta za chumba chake na kuziba. Hufanya kazi ile ile ya kipande cha ngozi ndani ya pampu ya baiskeli: hewa isirudi nyuma, yote iende mbele. Gobore halina ganda. Lina tundu ubavuni ambalo moto wa fataki hupita kuingia kwenye baruti, na baruti ikishawaka, sehemu ya gesi hutokea kwenye tundu hilo hilo. Gesi hiyo ni ya moto, imebeba masizi, chembe za baruti ambazo hazijaungua na pengine vipande vya fataki yenyewe. Kutoka hapo hadi kwenye jicho la mlengaji ni kama shibiri mbili tu.

Gobore lililochongwa kwa bomba la maji lina hatari nyingine kubwa zaidi. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Likishindwa, huweza kupasuka ubavuni au kizibo cha nyuma kikang'oka, na nyuma ndiko uliko uso wa mtu.

Wapo wanaodhani kwamba usalama ni kutia baruti kidogo. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Baruti nyingi hupasua mtutu, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba katika bunduki ya maganda yaliyojazwa upya kwa mkono, baruti kidogo mno nayo hurudisha moshi usoni, kwa sababu ganda halipati nguvu ya kutosha kutanuka na kuziba. Nchini Marekani, wenye bunduki za kale za kufungulia kwa wenzo, kama Winchester ya mwaka 1873, wanaojaza risasi zao wenyewe wanaifahamu adha hiyo vizuri. Risasi dhaifu huwaacha na masizi kwenye shavu, wakati mwingine na chembe za moto. Ndiyo maana katika mashindano yao ya kulenga shabaha, mshindani asiye na miwani ya kinga haruhusiwi kufyatua. Hao ni watu wenye vipimo, mizani na risasi zenye shaba nzuri. Mkulima anayepima baruti kwa kiganja, gizani, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa hesabu ya shamba. Ichukuliwe kaya yenye eka 3 za mtama inayotarajia gunia 4 kwa eka, yaani gunia 12. Ichukuliwe pia kwamba nguruwe na nyani wangekula gunia 3, na kwamba gobore linaokoa 2 kati ya hizo, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa kwa gobore. Faida yake ya msimu ni gunia 2. Siku mlinzi akiumia jicho, kaya inapoteza nguvu kazi ya watu wawili kwa mpigo, mgonjwa na msindikizaji wake, tena wakati wa mavuno. Mbuzi wanauzwa kwa bei ya haraka ili kupata nauli na dawa. Gunia 2 zilizookolewa zinamalizika kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Baada ya hapo kuna miaka 20 au 30 ya kufanya kazi kwa jicho moja. Mtu wa jicho moja hupata shida kukadiria umbali, na shida hiyo huonekana kwenye kupogoa mizabibu, kuendesha pikipiki, hata kupiga jembe karibu na mguu.

Dhidi ya kweleakwelea hesabu ni mbaya zaidi. Ndege mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni 1 linaweza kumaliza tani 10 kwa siku. Mfyatuo mmoja ukiangusha ndege 20, na si kila mfyatuo huangusha idadi hiyo, umeokoa gramu 200. Kweleakwelea hudhibitiwa kwa kunyunyizia dawa kwenye mazalia na malalo yao, kazi ambayo ni ya Serikali, na taarifa ya mapema kutoka kijijini ndiyo msaada mkubwa ambao mkulima anaweza kuutoa. Kwa tembo, marisau humjeruhi na kumkasirisha tu, na mfyatuaji hubaki kati ya mnyama mwenye hasira na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Uzio wa pilipili au wa mizinga ya nyuki una nafuu, na mizinga hutoa asali ya kuuza.

Wengine hujipa moyo kwamba upo mkono wa Serikali. Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa nao. Aliyejeruhiwa na gobore lake mwenyewe hayumo. Isitoshe, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni ya kumiliki silaha, na kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa.

Hapo ndipo penye maumivu makubwa kuliko yote. Mwenye gobore lisilo na leseni akiumia, anaiogopa fomu ya polisi, PF3, kuliko anavyoliogopa jeraha. Hukaa nyumbani siku ya kwanza na ya pili. Majirani humpa maji ya majani, maziwa ya mama, sukari, kila mmoja na dawa yake. Jicho ambalo lingeweza kuokolewa linaoza. Na si hilo tu: jicho moja likitobolewa, wiki au miezi baadaye mwili huweza kulishambulia hata lile zima, na mtu akapofuka macho yote mawili. Haitokei mara nyingi, lakini hutokea, na kinga yake ni kuwahi hospitali. Viongozi wa vijiji wangefanya la maana kutamka wazi kwamba majeruhi atibiwe kwanza na maswali ya silaha yafuate. Wenye magobore nao wana njia ya kutoka: Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Tanzania imewahi kutoa nafasi hiyo.

Kwa bahati nzuri Chamwino haiko mbali na wataalamu. Hospitali ya Mvumi, iliyomo ndani ya wilaya, ina historia ndefu ya tiba ya macho. Daktari Mwingereza Allen Foster, aliyekuja kuwa bingwa anayejulikana duniani katika vita dhidi ya upofu, alifanya kazi hapo miaka ya 1970 na 1980. Masizi au baruti ikiingia jichoni bila kutoboa, jicho lioshwe kwa maji safi mengi, kwa robo saa au zaidi, kisha safari ianze. Likitobolewa, lisioshwe, lisikandamizwe, na kilichochoma kisichomolewe. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisafi kisichogusa jicho, kama kikombe cha plastiki, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa anayemiliki bunduki kihalali, na hata kwa asiyekuwa nayo, miwani ya kinga ndiyo pembejeo ya bei nafuu kuliko zote. Bei yake kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida haifiki bei ya debe la mtama. Iwe nyeupe, ya plastiki ngumu, yenye alama ya EN 166 au Z87 kwenye kioo au fremu. Miwani ya jua ya mnadani haifai, kwani ikipasuka yenyewe hugeuka vipande vya kuchoma. Wala hakuna miwani itakayozuia bomba la maji lililopasuka. Kwa gobore la namna hiyo dawa ni kuachana nalo.

Kinachoipa miwani faida kiuchumi ni kwamba haikai bure. Wakati wa kupura na kupepeta mtama huzuia makapi. Kwa wakulima wa zabibu wa Chinangali, Mvumi na Makang'wa, huzuia vumbi la salfa linalopulizwa kwenye mizabibu dhidi ya ubwiri unga. Wafanyabiashara wa pembejeo huuza salfa hiyo kila msimu, mara nyingi bila kuweka miwani hata moja kwenye rafu. Ushirika unaoagiza salfa kwa pamoja ungeweza kuagiza katoni ya miwani kwenye gari hilo hilo, nauli ikawa imeshalipwa.