Kuvimba si kupata nguvu

Juma iliyopita, kijana wa jirani wetu hapa Panzi alibisha kwangu jioni. Anacheza mupira, na asubui mapema anabeba vyuma. Alitosha mu sakoshi kopo moja kubwa ya poda, akaiweka ku meza.

«Papa, unisomeye hii maandiko. Banasema hii njo inajengaka misuli. Nimelipa dola 35.»

Kisha akatosha mu mufuko kakaratasi kalikokunjwa, ndani vidonge kumi bila jina. «Na hizi ni za kunipa hamu ya chakula, ninenepe mbio.»

Dola 35! Mama yake anachuuza ndizi ku Essence. Lakini sikumucheka. Kijana yule ana bidii. Kama wengi wa umri wake, anaota siku moja kuingia uwanja wa Concorde kule Kadutu na rangi ya Muungano ao ya Bukavu Dawa. Ameambiwa yeye ni mwembamba, na mutu akiambiwa hivyo kila siku, atanunua chochote.

Tuanze na vidonge, maana ndiyo hatari kubwa. Dawa za kunenepesha zinazopita mikononi mwa watu mara nyingi ni mbili: deksametazone na siproheptadine. Ya pili ni dawa ya aleji. Inaleta njaa, lakini inaleta na usingizi. Ya kwanza ni dawa ya kweli, munganga anaitumia kwa magonjwa makali. Ukiimeza kila siku bila munganga, uso unakuwa muviringo, mashavu yanajaa, na majirani wanasema: «Huyu sasa anakula vizuri!» Kumbe ndani ni kinyume. Dawa hiyo inakula misuli, inalegeza mifupa, inapandisha sukari na tension. Na aliyeizoea miezi mingi akiiacha gafula anaweza kuanguka vibaya sana, juu mwili wake umesahau kujitengenezea homoni yake. Tena, kumeza dawa ya namna hiyo wakati wa mashindano kumekatazwa na shirika la ulimwengu linalopinga dopaje.

Sisi watu wa Kivu hatupaswi kudanganywa na jambo hili. Tunajua bwaki. Kule Lwiro, wanganga walijifunza ugonjwa huo miaka mingi, na kila mama wa Kabare na Walungu anajua namna mutoto wa bwaki anavyoonekana: miguu imejaa, mashavu yamejaa, lakini ni maji. Hakuna mama anayesema mutoto huyo amenona. Basi kwa nini kijana wa miaka 20 akivimba tunamupigia makofi?

Sasa kopo. Poda ile si sumu. Nyingi zinatoka katika maziwa: ni ile maji inayobakia kisha kufanya fromaji kama ya Masisi, wanaikausha na kuisaga. Ni chakula, basi. Kreatine nayo, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, imeonyesha kweli kwamba inasaidia mutu anayebeba vyuma na kukimbia mbio fupi. Sikatai. Lakini nani anatuhakikishia kilicho ndani ya kopo? Mwaka 2004, maabara ya Cologne, Ujerumani, ilitangaza matokeo ya kupima bidhaa 634 zilizonunuliwa katika inchi 13. Ndani ya 94 walikuta homoni ambazo hazikuandikwa inje ya kopo. Kama ni hivyo kule kwenye maabara na sheria, itakuwa je kwa kopo iliyopita mipaka mitatu mbele ya kufika Nyawera?

Nilichukua bic, tukahesabu na kijana. Mutu anayefanya mazoezi makali anahitaji proteini gramu 1,2 mpaka 2 kwa kila kilo ya mwili wake. Yeye ana kilo 65: ni gramu 78 mpaka 130 kwa siku. Maharagi kavu gramu 200, iliyopikwa asubui na mangaribi, inaleta zaidi ya 40. Sambaza kavu gramu 50, karibu 30. Mayai mawili, 12. Karanga gramu 50, zingine 12. Tumefika 94, na hatujahesabu bugali ya mahindi wala soya. Samaki ile ililetwa mu ziwa letu kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo iko ku kila soko. Ongeza maji ya kutosha, na saa 8 za usingizi, kwani mwili unajijenga wakati umelala. Usingizi hauuzwe mu kopo.

«Lakini Papa, sambaza nayo imepanda bei.»

Ni kweli, na hapo sina jibu la mucheko. Kijana anayekula mara moja kwa siku, hata poda haitamusaidia. Itachomwa kama kuni tu. Ndiyo maana neno langu ni kwa wakubwa. Wasimamizi wa ekipe, mbele ya kununua maillot mupya, nunueni sufuria. Maharagi, sambaza na bugali kisha mazoezi, mara tatu kwa juma, vijana wote pamoja: kila mumoja akichanga kidogo, haifiki dola 35. Na wenye farmasi, mutoto asiye na karatasi ya munganga, musimuuzie deksametazone. Munajua inachofanya. Hamuwezi kusema hamukujua.

Kwa walio na uwezo wa kununua poda, wanunue kisha chakula, si pahali pa chakula; kopo iliyofungwa, yenye tarehe, yenye jina la aliyeitengeneza. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize munganga kwanza.

Vidonge tulivitupa mu choo siku ile ile. Poda anaimaliza, pesa imekwisha kwenda. Jana mama yake alinisalimia akicheka: «Baba, umemuambia nini huyu mutoto? Sasa ananimaliziaka maharagi!»