Maji Tusiyoyafika



Wazee walinena ya kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii twaipenda sana maofisini, na mara nyingi twaitumia kuwakanya vijana waingiao kazini kwa majivuno. Leo nataka kuitumia kwa maana yake ya dhahiri, yaani maji yenyewe: mito, maziwa na mahori ya nchi yetu, ambayo sisi watumishi wa serikali twayaandika kila siku katika majalada, wala hatujayafika.

Tazameni desturi yetu ya likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 28 za mapumziko kwa mwaka. Je, siku hizo twazitumiaje? Wengi wetu twakwenda kwetu, kuwaona wazazi, kuzika na kuozesha. Jambo hilo ni jema, wala silipingi. Wengine hubaki mjini, hukaa barazani Upanga, au huzunguka Kariakoo wakiuliza bei ya vitu wasivyonuia kuvinunua, hata likizo ikaisha. Mwenye uwezo kidogo huota safari ya Dubai. Lakini ukimwuliza mmoja wao kama amepata kuuona mto Rufiji, atakujibu ya kuwa ameuona akiwa katika basi la Lindi, lilipovuka Daraja la Mkapa. Basi halikusimama, na pengine yeye alikuwa anasinzia.

Nasema ya kuwa kutoyatembelea maji yetu si kukosa starehe tu. Ni hasara ya nchi, kwa sababu maji yasiyotembelewa hayana shahidi, na kitu kisicho na shahidi huharibika upesi.

Ushahidi wa neno hili uko mlangoni petu. Sisi tukaao Upanga twavuka Daraja la Salender asubuhi na jioni. Chini yake ndipo mto Msimbazi uingiapo baharini, baada ya kutoka vilima vya Kisarawe na kupita Vingunguti na Jangwani. Hapo pana mikoko, na maji yakipwa ndege hushuka matopeni kutafuta riziki zao. Kuna nchi ambako watu wangelipa nauli kuja kutazama mahali kama hapo. Sisi twapandisha vioo vya gari. Kwa miaka mingi mto huo umepokea taka za majumbani na maji machafu ya viwanda, na watu wakajenga bondeni mwake. Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo mji haukuwa umeiona mfano wake tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde hilo. Sisemi kwamba matembezi yangaliizuia mvua. Lakini mtu hatupi taka mahali ambapo huwapeleka wanawe kutazama ndege, na diwani hanyamazi juu ya mahali ambapo wapiga kura wake hupumzika.

Msimbazi ni mto mdogo, nao umekwisha kutufunza. Sasa tuutazame mkubwa, ambao uzuri wake ungalipo, na ambao uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Rufiji waanza pale Kilombero na Luwegu zikutanapo; kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu, hupita katika korongo lenye mawe, na kushuka katika uwanda mpana ambao umejaa maziwa. Baadhi ya maziwa hayo, kama Tagalala, Manze na Nzerakera, yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous. Huko mivumo imesimama kando ya maji, viboko wamelala mchana kutwa, na furukombe hulia kutoka juu ya miti mikavu. Mengine, kama Ruwe, Utunge na Zumbi, ni maziwa ya wanavijiji, wavuvi wa kambale na perege.

Mto ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na hapo ndipo ilipo delta yenyewe, katika Wilaya ya Kibiti. Mikoko yake yaenea hekta 50,000 hivi, nayo ndiyo mikoko mingi kuliko yote iliyo mahali pamoja katika Afrika ya Mashariki. Kwa muda mrefu majahazi yalichukua boriti kutoka huko hadi Unguja na Uarabuni, zikaezekea nyumba za watu ambao hawakupata kuiona miti hiyo ikiwa hai. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha humo miezi mingi, na Waingereza, pamoja na nguvu zao zote, hawakuweza kuimaliza mpaka Julai 1915. Mahori ya delta yapinda na kupotosha. Mgeni bila mwenyeji hafiki. Na kamba tuwanunuao kwa bei kubwa mjini, wengi wao wamekulia katika mizizi ya mikoko hiyo.

Msomaji aweza kuniuliza, haya yote yamhusu nini karani wa Dar es Salaam? Nitajibu kwa habari ya gharika. Katika karatasi za ofisi, neno gharika siku zote ni balaa. Lakini Mrufiji huligawa jambo hili mara mbili. Gharika ya kiasi ni riziki: huleta udongo wenye rutuba, huyajaza maziwa, huwapeleka samaki mahali pa kuzaa, na ikipungua huacha ardhi yenye unyevu ambayo wenyeji huilima na kuiita mlau. Gharika kubwa ni msiba. Kwa hiyo mkulima huishi kwa hesabu ya namna mbili. Hulima bondeni, hukaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akiulinda mpunga wake usiliwe na ndege na nguruwe, huku akiyatazama maji. Baada ya gharika ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni hadi sehemu za juu. Waliokuwa na mashamba bondeni waliendelea kushuka kuyalima, kwa maana nyumba yaweza kuhamishwa, lakini udongo wa mto hauhamishiki.

Sasa mambo yamekuwa makubwa zaidi. Katika lile korongo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Umeme huo twauhitaji, wala hapana mtu mwenye akili atakayeulaani akiwa amekaa chini ya taa. Lakini mto uliofungwa mlango hauendi tena kama ulivyokwenda. Maji matamu yakipungua, chumvi ya bahari hupanda katika mashamba ya delta; yakiachiliwa kwa wingi, mashamba huzama. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika Wilaya za Rufiji na Kibiti, na mjini kukawa na ubishi mkali: wengine walisema bwawa ndilo lenye kosa, wengine walisema bwawa ndilo lililopunguza madhara. Katika baraza nilimokuwamo, kila mtu alikuwa na hukumu yake, wala hapakuwa na hata mmoja aliyepata kukanyaga Utete. Nasi ndio watu ambao barua za wenyeji wale hupita mikononi mwetu, zikipigwa muhuri na kupelekwa Dodoma.

Hii ndiyo sababu nasema twende. Mtu aliyepanda mtumbwi kati ya mikoko, akamsikia mwenyeji akieleza maji yalipofika mwaka jana na yalipofika mwaka huu, hawezi tena kusoma barua ya kijiji kile kama mtu asomaye orodha ya viti vya ofisi. Ataiharakisha; na kama ina swali, atajua swali hilo lina maana gani.

Lakini twende kwa adabu, maana wageni nao huharibu. Kule Kerala, kusini mwa India, mashua zilizokuwa zikichukua mpunga katika mahori zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni. Wenyeji wamepata fedha, lakini ziwa Vembanad limechafuliwa na wingi wa mashua hizo, kwa mafuta na uchafu wake. Sisi tusianze na kosa hilo. Afikaye kijijini na ajitambulishe kwanza kwa mwenyekiti. Avae mavazi ya heshima, kwa kuwa wenyeji ni watu wa dini. Akodi mtumbwi wa mwenyeji, wala asipunjane naye bei kana kwamba yuko Kariakoo. Asikate mkoko, kwa kuwa ni msitu wa hifadhi. Chupa alizokwenda nazo arudi nazo. Wala asiingie majini kuoga; mamba hawajui cheo cha mtu.

Najua neno litakalosemwa: fedha ziko wapi? Kweli, kulala katika kambi za watalii si kwa mshahara wetu. Lakini mabasi ya Kibiti na Nyamisati huondoka Mbagala kila siku, na raia hulipa kiingilio kidogo cha hifadhi kuliko mgeni wa ng'ambo. Watu kumi wakichanga kidogo kidogo tangu Januari, kufika Julai, wakati nchi imekauka na njia zapitika, watakuwa na nauli, chakula na kodi ya mitumbwi miwili. Twachanga kwa harusi za watu tusiowajua vizuri. Hatuwezi kuchanga kwa ajili ya kuijua nchi?

Tena jambo hili si geni kwa watu wa kazi yetu. Martin Kayamba, aliyekianzisha Tanga mwaka 1922 chama cha kwanza cha watumishi wa serikali Waafrika katika Tanganyika, alikuwa karani aliyesoma shule ya misheni. Alipokwenda Uingereza mwaka 1931 hakurudi na zawadi tu. Aliandika kitabu cha yale aliyoyaona, ili wenzake wayajue. Yeye aliwaeleza Waafrika habari za Uingereza. Ni nani kati yetu atakayewaeleza watu wa Upanga habari za Rufiji?

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya halmashauri ya chama. Kila mwaka, katika mwezi wa Julai, chama kiandae safari moja ya wanachama na jamaa zao kwenda kuyaona maji ya nchi, tuanze na Rufiji. Na mmoja katika wasafiri apewe kazi ya kuandika habari zake katika gazeti letu hili, pamoja na yale ambayo wenyeji wangependa yafike ofisini. Asiyeweza kwenda mbali, na ashuke kwa miguu Jumamosi moja mpaka Salender wakati maji yanapopwa, ayatazame robo saa tu, huku watoto wake wakimwuliza majina ya ndege.

Ni mimi,
Karani wa Upanga