KUJIKWAA ULIMI WODINI

Wazee wetu walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole huugulia maumivu yake mwenyewe, lakini aliyejikwaa ulimi huweza kumwumiza mwenzake. Methali hii tumezoea kuitumia tunapowakanya wasengenyaji. Mimi leo naipeleka hospitalini, maana huko ulimi ukiteleza mtu huenda akazikwa. Mpenzi msomaji, keti nami kitako tulijadili suala ambalo limezua mabishano hata humu chamani mwetu: je, ni haki muuguzi au daktari aliyesomea Kenya apimwe Kiingereza kabla ya kuruhusiwa kuwatibu watu ng'ambo?

Suala lenyewe si geni. Mnamo Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu wasio na kazi kwenda kufanya kazi kule. Watu walishangilia. Haukupita mwaka, Februari 2022, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw. Mutahi Kagwe, akatoa habari ya kushtua: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Kumi! Wakenya tukapigwa na butwaa, sisi ambao hujigamba kwamba Kiingereza tunakinywa kama chai.

Tangu hapo kila suala hili linapozuka, watu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hupaaza sauti, "Huo ni ukoloni! Walituletea lugha yao kwa nguvu, sasa wanatufelisha kwayo." Upande wa pili hucheka na kusema, "Aa, hawa walilala darasani, waache wavune walichopanda." Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Msimamo wangu ni kwamba kumpima mganga lugha ni haki kabisa, ila kipimo nacho sharti kiwe cha haki. Tena nasema kwamba sisi wenyewe tuna deni kubwa katika jambo hili, shuleni na hospitalini mwetu.

Hebu kwanza tuutazame mtihani wenyewe. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, ambalo ndilo husajili wauguzi kule, hukubali mitihani miwili: IELTS na OET. Katika IELTS, ambayo alama ya juu kabisa ni 9, muuguzi hudaiwa 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Hadi Desemba 2018 hata kuandika kulidai 7, kisha wakalegeza kamba kidogo. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, na sauti huchezwa mara moja tu; ukipitwa, umepitwa. Mazungumzo na mtahini huchukua dakika 11 hadi 14. Ada yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na matokeo hukubaliwa kwa miaka 2 tu. Si mchezo, jamani.

Sasa kwa nini nasema ni haki? Fikiria kidogo. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana mno kwa sauti. Daktari akitamka kiasi cha dawa haraka haraka usiku wa manane, na muuguzi asikie hamsini badala ya kumi na tano, nani atalia? Tena mgonjwa hasemi lugha ya kitabu. Mzee wa Liverpool ataeleza maumivu yake kwa lafudhi ya kwao na kwa mafumbo ya kwao, kama vile ajuza wa Lamu au Machakos afanyavyo kwa yake. Mgonjwa ana haki ya kueleweka. Haki hiyo haibadiliki eti kwa sababu mgonjwa ni Mzungu na muuguzi ni Mwafrika.

Wale wanaodai kuwa mtihani huu ulitungwa kutuonea sisi weusi wasikize kisa hiki. Mnamo Februari 2008, daktari mmoja alitoka Ujerumani akaenda Uingereza kufanya zamu ya muda. Katika zamu yake ya kwanza alimdunga mgonjwa miligramu 100 za dawa kali ya kutuliza maumivu, kiasi ambacho kilikuwa mara kumi ya kile kilichofaa. Mgonjwa akaaga dunia. Sababu zilikuwa kadha, mojawapo ikiwa kwamba daktari hakuizoea dawa ile. Hata hivyo, mkasa huo ulifichua pengo kubwa: kwa sheria za wakati ule, baraza la madaktari la Uingereza halikuwa na uwezo wa kumpima Kiingereza daktari aliyetoka Ulaya, ilhali daktari wa Kenya au India alipimwa. Ilipofika 2014 sheria ikabadilishwa, na madaktari wa Ulaya nao wakaanza kudaiwa ushahidi wa lugha. Basi huo ukoloni uko wapi hapo, ikiwa hata Mjerumani huulizwa?

Isitoshe, Wajerumani nao wana vyao. Mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano kuhusu wafanyakazi kwenda kule. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Ujerumani hupaswa kukijua Kijerumani kwa kiwango kiitwacho B2, yaani azungumze bila kubabaika. Hakuna anayesema huo ni ukoloni. Watu wanajaza madarasa ya Kijerumani mjini Nairobi. Kila mwenye nyumba huwalinda walio ndani.

Hata hivyo, kusema kwamba kupima ni haki si kusema kwamba kila kipimo ni sawa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaocheka. Katika sehemu ya kuandika ya IELTS, mtahiniwa hupewa saa moja. Huenda akaeleza grafu au jedwali kwa maneno 150, kisha aandike insha ya maneno 250. Sikatai, ni zoezi zuri kwa mtu anayekwenda chuo kikuu. Lakini mgonjwa haji wodini na grafu! Kazi ya muuguzi ni kumpokea mgonjwa, kumtuliza, kuandika hali yake katika faili na kumkabidhi kwa mwenzake zamu inapobadilika. Mtihani wa OET umekaribia zaidi, kwa maana mtahiniwa husomeshwa maelezo ya mgonjwa kisha akaandika barua ya kumpeleka kwa mganga mwingine, na katika mazungumzo huigiza akiwa na mgonjwa.

Wajerumani nao wameenda mbali kwa madaktari wao. Wana mtihani wa lugha ya udaktari wenye sehemu tatu za dakika 20 kila moja: daktari huzungumza na mgonjwa, kisha huandika aliyoambiwa, kisha humweleza daktari mwenzake. Huo, kwa maoni yangu, ndio mtihani. Unapima ulimi palepale utakapofanyia kazi.

Jambo la pili ni ile orodha. Aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza nchini Jamaica, Australia au New Zealand anaweza kusajiliwa Uingereza bila mtihani huu, kwa kuwa nchi hizo zimehesabiwa kuwa wenyeji wake wengi huzungumza Kiingereza. Kenya haimo. Na tuseme ukweli, sisi wengi nyumbani husema Kiswahili, Kikamba, Kijaluo au Kigiriama, na Kiingereza twakutana nacho darasani. Lakini muuguzi aliyefundishwa kwa Kiingereza miaka yote ya chuo, akatahiniwa kwacho na kuandika mafaili ya wagonjwa kwacho kwa miaka kumi, anastahili asikilizwe. Kidogo wameanza kulitambua hilo. Tangu Februari 2023, mwajiri wa Uingereza anaweza kumtolea ushahidi mtu aliyesoma kwa Kiingereza katika nchi kama yetu, au aliyekosa alama kwa nusu tu, mradi awe amefanya kazi kule kwa mwaka mmoja katika huduma za afya. Ni hatua nzuri, lakini yamfaa aliyekwisha kuvuka bahari. Muuguzi aliye Kitui itamfaa nini? Ningependa msimamizi wake wa hapa naye akubaliwe kuwa shahidi.

Sasa nigeukie kwetu, maana nyani haoni kundule. Tuulizane bila kuoneana haya: ni nani katika shule hii amewahi kutahiniwa kuzungumza Kiingereza katika mtihani wa kitaifa? Hakuna! KCSE ya Kiingereza ina karatasi tatu, na zote ni za kuandika. Yale maswali ya stadi za kuzungumza, yenye alama 30 katika karatasi ya kwanza, tunayajibu kwa kalamu. Unaulizwa ungesimama vipi mbele ya watu, nawe umeketi umeinama, husemi neno. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo. Fasihi simulizi yenyewe tunaiandika kimyakimya! Katika isimujamii tunakariri sifa za sajili ya hospitalini, moja hadi kumi, na hatujawahi hata siku moja kuigiza daktari na mgonjwa mbele ya mtahini. Halafu twashangaa mtu akishindwa kusikiliza na kujibu.

Fauka ya hayo, wengi wetu Kiingereza tulifundishwa kwa hofu. Aliyesema lugha ya mama katika shule ya msingi alivishwa diski shingoni akatembea nayo kama mbuzi wa mnadani. Lugha iliyoingia kwa hofu hutoka kwa kigugumizi. Na ikumbukwe kwamba mtu huweza kujiunga na KMTC kusomea stashahada ya uuguzi akiwa na C ya Kiingereza au ya Kiswahili. Mimi naliunga mkono sharti hilo, kwani muuguzi wa Kenya humtibu Mkenya. Lakini lisitufanye tuwaite wajinga waliokosa alama za Uingereza. Wao walifuzu kuwatibu mama zetu.

Na hao mama zetu, je, huwaelewa wanaowatibu? Shangazi yangu ni muuguzi katika hospitali moja ya kaunti. Siku moja nilimwuliza hufanyaje mgonjwa akija ambaye hawasikizani lugha. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, huwa namwita yeyote anayeijua. Juzi ni mama anayefagia wodi ndiye alinitafsiria." Nikamwuliza, "Na kama mgonjwa ana siri?" Akanyamaza. Akasema tu, "Ndiyo hivyo."

Msomaji wangu, swali hilo ndilo linaloniwasha. Twalia kwamba Waingereza wanadai muuguzi aijue lugha ya mgonjwa wao, lakini mgonjwa wetu nani anamdaia? Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inasema kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010 nayo inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Maandishi tunayo mazuri. Utekelezaji ndio unaochechemea.

Mwaka 2018 tuliwapokea madaktari 100 kutoka Cuba, nchi inayosema Kihispania, wakasambazwa katika kaunti hadi mpango huo ulipokomeshwa mwaka 2023. Siwalaumu wageni waliokuja kutusaidia. Nauliza tu: mgeni aliyeshika kamusi mkononi atajuaje kwamba mzee akisema hawezi kujisaidia, hasemi kuwa ni mvivu wa kazi? Atajuaje kwamba kwetu maumivu husikiwa, wala si kwa masikio? Hayo hayamo katika kamusi. Yamo katika kuzungumza na watu.

Kwa hivyo natoa rai tatu. Kwanza, mitihani ya ng'ambo iendelee, lakini ipime lugha ya wodini, na muuguzi aliyesoma na kufanya kazi kwa Kiingereza asiangaliwe tu kwa pasipoti. Pili, shule zetu zianze kutahini kuzungumza na kusikiliza, Kiingereza na Kiswahili pia, hata ikiwa ni kwa dakika kumi kwa kila mwanafunzi. Tatu, atakayetaka leseni ya kuwatibu Wakenya, awe Mcuba, Mwingereza au Mkenya aliyelelewa Nairobi asiyejua neno la Kiswahili sanifu, apimwe kwa Kiswahili, akiwa ameketi mbele ya mtu anayesema, "Daktari, tumbo linanisokota."

Kuna watakaosema gharama ni kubwa. Gharama ya kuzika je? Nanyi wenzangu mnaoota kuvaa lile koti jeupe, na najua mko wengi, msidharau vipindi vya lugha mkidhani baiolojia na kemia zatosha. Baiolojia itakufundisha moyo ulipo, lakini ni lugha itakayokuambia una nini. Njooni chamani siku ya mkutano tuanze kuigiza hiyo sajili ya hospitalini kwa midomo, si kwa kalamu. Naam, yangu ndiyo hayo. Mwenye kunipinga aje anipinge, ila aje akizungumza.